Fumbo na Tukio Lake: Mfano wa Ushairi wa Mombasa

Katika vitabu vingi vinavyofunza ushairi wa Kiswahili, tamathali za usemi hupangwa kwa majina yake: tashbihi, istiari, tashihisi, kejeli na kadhalika. Mpango huo una faida yake. Lakini historia ya ushairi wa Mombasa yaonyesha kwamba msomaji aliyetambua kuwa neno fulani ni istiari amelipa jina tu. Bado hajaifahamu kazi yake. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba fumbo la kishairi lilikuwa mapatano baina ya mshairi na wasikilizaji waliolijua tukio lililolizaa, na kwamba wasikilizaji hao walipotoweka, ni historia iwezayo kukaa mahali pao.

Neno lenyewe ladokeza hivyo. Fumbo latokana na kufumba, kitendo kile kile cha macho na cha mkono. Mkono uliofumbwa huwa na kitu ndani, na aliyekiona kikitiwa hahitaji kuambiwa ni nini. Ndiyo maana wahenga walisema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Werevu unaotajwa hapo si wa akili tupu. Ni pamoja na ujuzi wa mambo ya mji.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga Mombasa ilipokuwa chini ya Wamazrui. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yaliishambulia Lamu, yakashindwa vibaya huko Shela. Lamu ikatafuta hifadhi ya Seyyid Said wa Oman, na ugomvi uliofuata haukwisha mpaka 1837, utawala wa Wamazrui ulipoangushwa. Katika miaka hiyo ushairi ulikuwa sehemu ya siasa. Lamu kulikuwa na Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi pia. Mombasa ilikuwa na Muyaka. Ujumbe wa kutisha, wa kusuta au wa kubembeleza uliweza kutiwa katika beti, ukahifadhiwa na vina na mizani, ukafika ng'ambo bila ya kubadilika.

Katika hali hiyo hata neno la kila siku liliweza kubeba mzigo. Chukua neno kupwelewa. Kwa baharia ni kuachwa na maji chombo kikakaa mchangani. Kwa wengine ni kukwama katika shida. Mapokeo ya Shela yasimulia kwamba maji yalipokupwa, vyombo vya waliokuja kupigana vilipwelewa, wasipate pa kukimbilia. Msikilizaji wa Mvita aliyefiwa na ndugu katika vita hivyo asingeweza kulisikia neno hilo kama msomaji wa leo anayelitafuta katika kamusi. Kamusi humpa maana zote mbili, haimpi Shela.

Kwamba sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka yasomeka hata sasa ni jambo lililokaribia kutokuwa. Yalikusanywa Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na mmisionari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa mji huo. Mchango wa Sikujua wapaswa kupimwa kwa haki. Mwandiko wa Kiarabu, kama ulivyozoeleka pwani, haukupambanua baadhi ya sauti za Kiswahili. Pata na bata ziliweza kuandikwa sawasawa. Basi maandishi peke yake hayakutosha. Alihitajika mtu ajuaye lugha, na ajuaye pia nani alimwambia nani, na kwa sababu gani. William Hichens alipoichapisha diwani hiyo mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz alipoichambua pamoja na historia yake mwaka 1979, wote wawili walijenga juu ya msingi huo.

Hoja hii isichukuliwe kwamba kila taswira ina vita nyuma yake. Katika ushairi wa pwani, chombo chaweza kuwa mji, chaweza kuwa mwanamke, na chaweza kuwa chombo tu. Palipokosekana ushahidi wa tukio, mhakiki mwaminifu huziacha maana zote wazi, wala halazimishi moja.

Mji huo huo watoa mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla alitoa waraka *Kenya: Twendapi?*, ambamo aliisema serikali waziwazi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, hadi 1972. Gerezani aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, nayo yakatokea mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*. Humo limo shairi "Mamba", ambalo mnyama wake amesimama badala ya mwenye nguvu anayejivunia nguvu zake. Nathari iliyosema wazi ilimpeleka mwandishi jela. Ushairi uliofumba ulipata, mwaka 1974, tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Msomaji asiyeijua miaka hiyo ataona mamba na mto, na pengine atasifu ufundi wa tashihisi. Hatakuwa amekosea, ila atakuwa amebaki nje ya mkono uliofumbwa.

Kutokana na hayo, wakusanyaji wa tungo za pwani wana wajibu usiokwisha kwa kunakili beti. Kila shairi lipokewalo kutoka kwa wazee liandikwe pamoja na habari ya lini lilitungwa, kwa nani, na kwa kisa gani. Beti huweza kudumu kwa nguvu za vina vyake. Kisa hakina vina, nacho ndicho hutangulia kusahauliwa.