Tiba ya Dawa na Nuru

Mgonjwa wa saratani ya umio, maradhi yanapomfikisha mahali ambapo hata uji mwepesi hukataa kushuka na mate yenyewe humrudia kinywani, aghalabu hamwulizi tabibu kama atapona, bali humwuliza kama atameza tena. Kwa haja hiyo Marekani iliidhinisha, mnamo mwaka 1995, tiba ambayo wataalamu huiita fotodinamiki, nayo mfasiri mwenye haraka angeiita tiba ya mwanga, akaishia hapo.

Jina hilo, kwa rai yangu, laweza kumdhuru mtu. Mkazi wa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, akilisikia atadhani ni ile mionzi ambayo wagonjwa hupelekwa Nairobi kupigwa, ilhali mionzi huua seli kwa nguvu yake yenyewe, na mwanga huu mwekundu wa leza, wenye mawimbi ya nanomita 630, hauna kazi pasipokuwa na dawa. Karibu na mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi Oscar Raab, chini ya mwalimu wake Hermann von Tappeiner, aliona kwamba vijidudu vilivyotiwa rangi ya akridini hufa upesi vikipatwa na mwanga. Ndivyo ilivyo hapa. Dawa, porfima sodiamu, hudungwa mshipani, ikaenea mwili mzima, na baada ya saa 40 hadi 50, ikiwa imesalia kwa wingi zaidi ndani ya uvimbe, tabibu hupitisha uzi mwembamba wa kioo katika mpira wa endoskopi, akaumulika uvimbe. Mwanga huiamsha dawa, nayo dawa huitia oksijeni iliyomo humo ukali wa kuua seli na kuziba mishipa midogo iulishayo uvimbe. Mwanga huo haupenyi zaidi ya takriban sentimita 1, na kwa sababu hiyo hufungua njia ya chakula bila kung'oa maradhi; na tumboni, ambako Wajapani waliutumia kwa saratani changa ya juujuu, hauna nguvu juu ya ile iliyokwisha kutoboa ukuta.

Lakini dawa haikai kwenye uvimbe peke yake. Husalia ngozini na machoni siku 30 au zaidi, na hapo ndipo Kajiado, nchi ya jua kali na miti haba, inapotaka jina lenye kusema kweli. Mfugaji aliyeambiwa tu kwamba alitibiwa kwa mwanga ataona kazi imekwisha siku ile taa ilipozimwa, atatoka kwenda kunywesha ng'ombe, naye ataungua. Mafuta ya kuzuia jua hayamfai, kwa kuwa dawa huamshwa na mwanga uonekanao kwa macho. Yampasa nguo ndefu, glavu, kofia pana na miwani myeusi. Wala asifungiwe gizani, maana mwanga hafifu wa ndani ya nyumba huimaliza dawa polepole.

Kwa hiyo napendekeza jina la tiba ya dawa na nuru, dawa ikitangulia. Na iongezwe kwamba ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, neno ambalo wenzetu wa Tanzania wamelizoea: shufaa ni uombezi, si shifaa, yaani kupona, na jamaa wana haki ya kuijua tofauti hiyo kabla ya kuuza mifugo, hasa kwa kuwa mrija wa wavu wa chuma, ambao hospitali ya Tenwek kule Bomet imewatilia wagonjwa wengi, hufungua umio pasipo kumharamishia mtu jua. Ama aliyechagua nuru, aandikiwe bayana katika karatasi ya kurudia nyumbani kwamba baada ya siku 30 afunue kipande kidogo cha ngozi juani kwa dakika 10, angoje saa 24, na pasipotokea wekundu wala malengelenge wala uvimbe, arudi juani kidogo kidogo.