Kwa Nini Majembe ya Ufipa Hayakulingana

Wiki hii nazungumzia mali ambayo haikutoka benki: jembe la chuma la Ufipa. Kabla ya shilingi kuenea Sumbawanga, jembe lilibadilishwa kwa vitu na lilitolewa mahari. Sarafu hutoka mtamboni zikiwa na uzito mmoja. Majembe yale hayakulingana, na sababu ni udongo, moto na mkono wa mtu.

Wafipa walijenga kwa udongo tanuri refu kuliko mtu, liitwalo ilungu. Halikuvukutwa. Moto ulijivutia hewa wenyewe kupitia matundu ya chini. Mawe ya chuma yakayeyushwa kwa makaa, na kilichopatikana ni bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo likasafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kintengwe, ndipo mhunzi akalifua kwa nyundo. Chuma kilichosafishwa vyema kilihimili kazi. Kilichobaki na mavi kilikuwa rahisi kuvunjika.

Noti ikikataliwa dukani, ni karatasi tu. Jembe likikataliwa na mkwe, bado lililima.

Katika karne ya 20, majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yaliizima kazi hiyo. Lakini mabaki ya malungu bado yapo Ufipa, na kila masika mvua inayala. Tukiyaacha yaporomoke yote, watoto wetu wataamini kwamba chuma kililetwa kwetu na meli. Nani atawabishia, na kwa ushahidi gani?