Nganya za Edo

Wasee, mtu akikuambia michoro ya nganya ni uchafu, mpeleke Japani kwanza.

Huko Edo, Tokyo ya leo, mashabiki wa kabuki walinunua picha za waigizaji wao. Mchoro ulichongwa kwenye mbao, ukapakwa rangi, ukapigwa chapa kwenye karatasi. Si vitu vya mabwanyenye: bei ilikaribiana na bakuli la tambi. Jamaa aitwaye Sharaku alitoa zaidi ya 140 kwa miezi kama kumi, 1794 hadi 1795, kisha akapotea.

Mwaka 1842 serikali ikapiga marufuku picha za waigizaji, ati ni anasa. Miaka michache baadaye Kuniyoshi akachora nyuso zao kama vile mtoto amechorachora ukutani. Ni grafiti tu, afande! Na mashabiki waliwajua wote.

Sisi pia yametupata. Februari 2004 sheria za Michuki zilianza: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano. Mikanda siipingi. Lakini michoro nayo ikafutwa. Imerudi, ndiyo, cheki mathree za Kawangware zikitoka tao.

Shida ni hii: picha za Edo zilichapwa nyingi, ndiyo maana ziko British Museum leo. Nganya ni moja. Ikipakwa rangi upya, imeenda.

Niliacha chuo, digrii ya historia sina. Simu ninayo, na wewe pia. Ukipiga picha ya nganya, andika mwaka, ruti na jina la mchoraji.