Ukuta wa Ubongo

Msomaji, miji mingi ya kale ilijengewa ukuta. Lakini ukuta uliomzuia adui uliweza kumzuia rafiki pia. Ndivyo ulivyo ubongo wako.

Mwaka 1885, huko Ujerumani, daktari Paul Ehrlich alitia rangi katika damu ya wanyama. Karibu viungo vyote viliingia rangi, ila ubongo haukuingia. Akadhani kwamba ubongo haupatani na rangi ile. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alitia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo uliingia rangi, na viungo vingine vikabaki kama vilivyokuwa. Basi ikadhihirika kwamba kuna kizuizi kati ya ubongo na damu.

Kizuizi hicho ni kuta za mishipa midogo ya damu, ambazo chembe zake zimeshikamana sana. Huzuia sumu na vijidudu vingi. Walakini huzuia dawa nyingi pia.

Je, umepata kuona kioo cha kukuzia kikikusanya miale ya jua mpaka majani makavu yakawaka? Vivyo hivyo mawimbi ya sauti, yale yasiyosikika kwa sikio, yaweza kukusanywa mahali pamoja ndani ya kichwa. Mwaka 2001, huko Marekani, Kullervo Hynynen na wenzake waliwatia sungura mapovu madogo mno katika damu, kisha wakaelekeza mawimbi hayo ubongoni. Mapovu yakatanuka na kunywea, yakazisukuma kuta za mishipa, nazo zikalegea. Baadaye zikajifunga zenyewe.

Kujifunga huko ndiko kulikoleta tumaini, maana ubongo usio na ukuta umo hatarini. Na sauti ikizidi, mishipa huvuja damu. Ilipita miaka 14 ya majaribio kabla ya madaktari wa hospitali ya Sunnybrook, mjini Toronto, Kanada, kumfungulia mgonjwa wa uvimbe kizuizi hicho mwaka 2015, pasipo kulipasua fuvu, ili dawa ipite. Tangu hapo njia hiyo imejaribiwa kwa maradhi mengine, ingawa bado si tiba ya kila siku.

Tazama, msomaji: Ehrlich alikosea katika kueleza, hakukosea katika kuona. Aliandika alichokiona, na mwanafunzi wake akapata pa kuanzia. Nawe ukifanya jaribio shuleni ukapata jambo usilolitarajia, usilifute daftarini. Liandike kama ulivyoliona.