Funza wa mizizi: adui aliyejificha chini ya nyasi za mifugo

NYASI za mifugo zinaponyauka huko Ngong, Kitengela na kwingineko katika Kaunti ya Kajiado, ni rahisi kulaumu ukame. Eneo hilo hupata mvua haba, na kiangazi cha mwaka 2020 hadi 2023 kiliangamiza mifugo wengi.

Hata hivyo, nyasi zikinyauka ilhali udongo una unyevu, huenda chanzo kiko mizizini. Funza weupe, ambao ni mabuu ya baadhi ya mbawakawa, hula mizizi ya nyasi, hivyo mabingobingo, Boma Rhodes na mahindi ya kulisha ng'ombe huwa hatarini.

Funza huyu ana rangi ya maziwa, kichwa cha kahawia na miguu sita, na hujikunja anapofukuliwa. Hukua kwa hatua tatu, na hatua ya mwisho ndiyo yenye ulafi zaidi.

Mmea uliopoteza mizizi hauwezi kufyonza maji wala mbolea ya kutosha. Majani hugeuka manjano, na shina hung'oka kwa urahisi likivutwa. Nyasi zikikatwa wakati huo, huchelewa kuchipua kwa kuwa zinalazimika kuotesha majani na mizizi kwa pamoja. Kiangazi kikifuata, hukauka kabla ya zile zenye mizizi mizima.

Kwa sababu hiyo, mkulima anashauriwa kuchimba kwanza kabla ya kununua mbolea au kupanda upya. Achimbe kina cha koleo mahali kadhaa, hasa pale nyasi zenye afya zinapopakana na zilizonyauka, kisha achunguze udongo na mizizi.

Kulima shamba mapema kabla ya kupanda huwafichua funza hao kwa jua na ndege kama yangeyange. Samadi ya bomani nayo iachwe ioze vyema, kwani mbichi huwavutia baadhi ya mbawakawa kutaga mayai. Aidha, kuna kuvu aitwaye Metarhizium, anayeishi udongoni na kuua wadudu wa aina nyingi, wakiwemo funza hao.

Ikumbukwe kuwa si kila mbawakawa ni adui. Wale wanaofukia kinyesi cha ng'ombe hurutubisha malisho, na kumwaga dawa kiholela huwaangamiza pia.