Tume ya Sanaa ya San Francisco

Tume ya Sanaa ya San Francisco ni chombo cha serikali ya jiji la San Francisco, jimbo la California, Marekani, kilichoundwa na katiba ya jiji ya mwaka 1932. Huidhinisha michoro ya majengo yanayojengwa katika ardhi ya umma, huagiza na kutunza kazi za sanaa za jiji, hugawa ruzuku kwa wasanii na vikundi vya mitaani, hutoa leseni kwa mafundi wanaouza kazi za mikono barabarani, na husaidia vituo vya utamaduni. Ina makamishna 15 wanaoteuliwa na meya kwa vipindi vya miaka 4. Kati yao 11 ni watu wa fani za sanaa, wakiwemo wasanifu majengo wawili na msanifu mmoja wa mandhari, na 4 ni raia wasio wa fani hizo. Hazina yake ina kazi zipatazo 4,000, kuanzia sanamu za bustanini hadi michoro iliyotundikwa hospitalini. Haikuwa tume ya kwanza ya aina yake. New York iliunda ya kwake mwaka 1898. Hata hivyo, historia yake ina somo ambalo tume nyingi hazilionyeshi kwa uwazi huo: sanaa ya umma husimama imara pale fedha zake zinapolindwa na sheria na maamuzi yake yanapofanywa mbele ya watu. Nguzo moja ikiondolewa, hata tume yenye wajuzi wengi huyumba.

Chimbuko

Katiba ya 1932 ilikuja wakati viongozi wa jiji lililojengwa upya baada ya tetemeko la 1906 walipotaka majengo yao yawe na sura ya kujivunia. Mwanzoni, kwa hiyo, Tume ilikuwa zaidi mlinzi wa mandhari: mtu hakuweza kusimamisha sanamu au chemchemi katika uwanja wa umma bila idhini yake. Fedha za kuagiza kazi mpya zilikuwa chache, na sanaa kubwa ya miaka hiyo ililipiwa na serikali ya shirikisho. Mfano unaojulikana zaidi ni michoro ya ukutani ndani ya mnara wa Coit, iliyochorwa mwaka 1934 na wasanii zaidi ya 20 chini ya mpango wa kuwapa ajira wasanii wakati wa mdororo wa uchumi. Mwaka huohuo wafanyakazi wa bandari waligoma, na baadhi ya michoro ikaonekana kuegemea upande wao. Ufunguzi ukacheleweshwa kwa miezi kadhaa, na alama ya nyundo na mundu ikafutwa. Michoro hiyo leo iko chini ya uangalizi wa Tume, na hakuna anayefikiria kuifunga. Tukio hilo lilizusha swali ambalo Tume imelijibu kwa namna mbalimbali tangu wakati huo: ukuta ukiwa mali ya umma, nani ana haki ya kusema nini kikae juu yake?

Fungu la ujenzi

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1969, jiji lilipopitisha sheria ya kutenga asilimia 2 ya gharama za ujenzi wa majengo na miundo ya umma kwa ajili ya sanaa. Wazo hilo lilikuwa limeanza kutumika Philadelphia mwaka 1959 na Baltimore mwaka 1964. Seattle ilifuata mwaka 1973 na New York mwaka 1982. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Idara ya jiji inapopanga kujenga maktaba, kituo cha reli au hospitali, fungu la sanaa huingizwa katika bajeti ya mradi tangu mwanzo, Tume hutangaza nafasi, jopo hupitia maombi, mapendekezo huonyeshwa kwa wakazi, kisha makamishna hupiga kura katika kikao cha wazi. Sheria ya mikutano ya umma ya California, ya mwaka 1953, inalazimisha ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na kila mwananchi ana haki ya kusimama na kutoa maoni yake. Sanaa hapo haingojei hisani ya meya wala ukarimu wa tajiri. Inakuja pamoja na nondo na saruji.

Matunda ya utaratibu huo yanaonekana katika kituo cha reli ya chini ya ardhi cha Chinatown, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2022. Humo mna kazi kubwa za chuma chekundu za Yumei Hou, msanii aliyebobea katika ufundi wa kukata karatasi wa kaskazini mashariki mwa China. Ufundi ambao kwa kawaida hubandikwa madirishani wakati wa sikukuu umekuzwa hadi kufunika kuta ambazo abiria hupita kila siku. Soko la sanaa lisingeagiza kazi ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna mnunuzi binafsi mwenye ukuta wa kiasi hicho wala sababu ya kuwapa wapita njia. Lakini kituo hichohicho kinaonyesha pia upofu wa sheria yenyewe. Fungu la ujenzi huenda palipo na ujenzi. Uwanja wa ndege wa San Francisco, ambao haukomi kupanuliwa, umejaa kazi za sanaa, ilhali mtaa usiopata jengo jipya kwa miaka 20 haupati kitu. Fungu hilo pia hununua vitu vya kudumu tu. Halilipi wapiga ngoma, halilipi walimu wa dansi, wala halikodishi jukwaa la tamasha.

Sanaa ya mitaani

Pengo hilo lilikuwa tayari limeanza kuzibwa na Mpango wa Sanaa za Mitaa, ulioanzishwa mwaka 1967. Badala ya kuwaita watu waende kwenye jumba la opera, mpango huo ulipeleka vifaa, majukwaa na walimu katika mitaa ya watu weusi, Walatino, Waasia na maskini. Mwaka 1974 ulitumia fedha za sheria ya shirikisho ya mafunzo na ajira kuwaajiri wasanii kama wafanyakazi wa umma, na miji mingi ya Marekani ikaiga. Katika miaka hiyo jiji lilijipatia pia majengo ya kuwa vituo vya utamaduni. Vinne viliwekwa katika majengo ya jiji: kituo cha Walatino katika mtaa wa Mission, kituo cha sanaa na utamaduni wa Wamarekani weusi, SOMArts, na jumba la opera la Bayview lililojengwa mwaka 1888. Umuhimu wa majengo hayo uliongezeka kadiri kodi za nyumba zilivyopanda kwa sababu ya kampuni za teknolojia. Kikundi cha ngoma kinaweza kuishi bila ruzuku kwa mwaka mmoja au miwili. Bila mahali pa kufanyia mazoezi, hutawanyika.

Tangu mwaka 1972 Tume imetoa pia leseni kwa wasanii wa barabarani. Sharti lake kuu ni kwamba muuzaji awe ametengeneza bidhaa zake mwenyewe, na mwombaji hutakiwa kuonyesha ufundi wake mbele ya kamati kabla ya kupewa kibali. Ni kazi isiyo na fahari ya sanamu ya shaba, lakini ndiyo inayomtenganisha fundi wa hereni na mchuuzi wa bidhaa za kiwandani, na kumpa mahali halali pa kukaa.

Migogoro

Hoja ya kawaida dhidi ya tume za sanaa ni kwamba kamati huzaa sanaa baridi, isiyomuudhi mtu. Rekodi ya San Francisco inaiunga mkono hoja hiyo kwa kiasi fulani, ila inamtaja mkosaji mwingine. Mwaka 1981 Tume ilimwagiza Robert Arneson sanamu ya kichwa cha George Moscone, meya aliyeuawa ofisini kwake tarehe 27 Novemba 1978, siku aliyouawa pia mjumbe wa baraza la jiji Harvey Milk. Arneson alichora bastola na matundu ya risasi kwenye nguzo ya sanamu. Meya Dianne Feinstein, aliyechukua nafasi ya marehemu, alipinga, na Tume ikaikataa kazi iliyoiagiza yenyewe. Mwaka 2012 Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la San Francisco liliichukua kuwa sehemu ya mkusanyo wake. Jambo kama hilo likajirudia mwaka 2019. Jopo lilimchagua Lava Thomas kutengeneza kumbukumbu ya mwandishi Maya Angelou, lakini uteuzi wake ukatenguliwa kwa kuwa mwanasiasa aliyeanzisha mradi alitaka sanamu ya mwili mzima, ya mtindo wa zamani. Baada ya malalamiko ya wasanii Tume iliomba radhi mwaka 2020, ikamrudishia Thomas kazi, na kitabu chake kikubwa cha shaba chenye sura ya Angelou kikazinduliwa mbele ya maktaba kuu mwaka 2024. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wanasiasa hawatofautiani na wengine. Katika visa vyote viwili uteuzi wa kwanza ulikuwa wa kuthubutu. Aliyerudi nyuma ni Tume iliposhinikizwa nje ya utaratibu wake.

Hoja ya pili ni kwamba tume zikipewa mamlaka ya kuondoa sanamu zitafuta historia. Mwaka 1894 ulizinduliwa jijini mnara wa waanzilishi wa California, kazi ya Frank Happersberger. Sehemu yake moja ilimwonyesha mwenyeji wa asili ameanguka chini miguuni pa padri na mchunga ng'ombe wa Kihispania. Wazawa waliipinga kwa miongo kadhaa. Machi 2018 Tume iliamua iondolewe, Aprili bodi ya rufaa ya jiji ikazuia, Septemba bodi hiyo ikabadili msimamo, na sanamu ikahamishiwa ghalani. Mnara wenyewe ulibaki. Tofauti yake na Juni 2020, waandamanaji walipoangusha sanamu tatu katika bustani ya Golden Gate, ni kwamba mwaka 2018 walioshindwa walikuwa wamesikilizwa na kukata rufaa. Lakini si haki kuusifu utaratibu huo bila kutaja kasi yake: utaratibu unaomngojesha mlalamikaji kwa miongo unachangia kuwafanya wengine watafute kamba.

Nguvu na udhaifu wa kifedha

Hoja nzito zaidi ni ya vipaumbele. San Francisco ina maelfu ya watu wanaolala nje. Kwa nini inunue sanamu? Jibu la kisheria ni kwamba fedha za ujenzi, ambazo mara nyingi hukopwa kwa hati fungani zilizopigiwa kura na wananchi kwa mradi maalumu, haziwezi kuhamishiwa kwenye chakula au malazi. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwa sababu asilimia 2 hiyo ingeweza kujenga vyumba zaidi vya hospitali. Jibu lenye uzito ni kwamba maskini hawana bustani binafsi wala makumbusho nyumbani. Hospitali ya umma, maktaba na kituo cha reli ndizo sebule zao, na kuzijenga tupu kwa hoja ya kuwahurumia ni kuwaamulia kwamba uzuri ni wa wengine.

Jibu hilo, hata hivyo, linageuka kuwa lawama kwa jiji lenyewe likipimwa na fedha za shughuli za jamii. Ruzuku za wasanii na vituo vya utamaduni hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya hoteli. Novemba 2018 wapiga kura waliidhinisha sehemu ya kodi hiyo itengwe kwa ajili ya sanaa, wakazifanya ruzuku kuwa stahili ya kisheria. Chini ya miaka miwili baadaye ugonjwa wa UVIKO-19 ukafunga hoteli, na mapato yakaanguka pamoja na wageni. Sanamu zilizokwisha kulipiwa hazikutikisika, huku vikundi vya ngoma, maonyesho na sherehe za mtaani vikibaki na mashaka hasa wakati watu walipovihitaji. Sheria ilikuwa imelinda haki ya kugawiwa bila kulinda kinachogawiwa. Mji unaotaka kuiga mfano huu utafaidika kwa kuchukua sheria ya 1969 na vikao vya wazi kama vilivyo, na kwa kufanya lile ambalo San Francisco bado haijalikamilisha: kuwekea shughuli za jamii akiba isiyopanda na kushuka na idadi ya watalii.