Reflect (mbinu ya kufundishia)

Reflect ni mbinu ya kufundisha watu wazima kwa njia ya majadiliano. Ilibuniwa na shirika la ActionAid kwa kufuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, ikajaribiwa miaka 1993-1995 katika madarasa ya kusoma na kuandika nchini Uganda, Bangladesh na El Salvador. Baadaye ilitumika Uingereza kuwafundishia wahamiaji Kiingereza.

Badala ya kuanza na kitabu, wanafunzi huchora pamoja ramani ya mtaa wao. Kama mtaa unajengwa upya, wanaweza kujadili nani atahamishwa, kodi ya nyumba itakuwaje na soko litabaki wapi. Maneno wanayoyakosa katika mjadala ndiyo huwa somo. Lengo ni mwanafunzi aweze kujisemea katika mkutano unaoamua kuhusu makazi yake.